Harusi Iliyosubiri Kujifungua

Letisia aliolewa na Mwingereza, lakini msimwonee kijicho. Mumewe Edwin, fundi mitambo wa kiwanda cha chai huko Njombe, alikuwa kapuku kama makapuku wengine, na kila mwaka alipanda viazi vikamgomea. Kaka yake alipofia Uingereza bila mtoto, ubaroni wa ukoo, cheo cha kikabaila cha kurithi, ukamwangukia yeye. Alicheka, akaendelea kupalilia.

Mwaka jana naye akafariki. Kasimiri, kifungua mimba, ndiye aliyemuuguza hospitalini Ilembula, akimwogesha na kumlisha uji. Mdogo wake, Jastin, ana duka la vipuri Makambako. Siku ya kumaliza matanga, mjomba wao Marcelino alikuwa amvike Kasimiri koti la marehemu, awe ndiye baba wa nyumba.

Asubuhi hiyo wakili wa ukoo wa Edwin akapiga simu kutoka London. Jastin alitafsiri: baroni mpya ni yeye. Kasimiri alizaliwa kabla ya ndoa, na kwa sheria yao mtoto wa namna hiyo harithi cheo, hata wazazi wakioana baadaye.

"Basi naukataa, apewe kaka," Jastin alisema. Wakili akajibu kwamba kukataa anaweza, kumpa kaka yake hawezi.

Letisia akaikumbuka harusi yake na Edwin. Padri alikuwa tayari kuwafungisha ndoa mapema. Ni yeye aliyegoma kusimama altareni na mimba kubwa, watu wa misheni wasije wakamcheka. Akajifungua kwanza, ndipo akavaa shela, na Kasimiri akaingia kanisani mgongoni mwa bibi yake huku vigelegele vikipigwa. Kisa hicho amewasimulia wanawe mara nyingi, akicheka hadi machozi.

Mchana Marcelino akasimama na koti. Kasimiri hakuinuka.

"Mjomba, mpe Jastin. Watu wa baba wameshasema."

"Watu wa baba yako ni sisi!" Letisia alifoka. Akalinyakua lile koti, akamwendea mwanawe amvalishe mwenyewe, kama alivyokuwa akimvalisha sweta la shule. Mikono ya Kasimiri ilining'inia tu.

"Vaa, mwanangu. Wale hawakujui. Mimi ndiye niliyekuzaa."

"Ulinizaa, mama," akasema taratibu. "Lakini hata wewe ulinionea aibu."

Letisia alibaki amelishika koti, watu wote wakimtazama.