Koti la Baba wa Bibi Harusi

Mtaani walimwita Mama Pindo, ingawa hakuwa na mtoto wa jina hilo wala wa jina jingine. Alikuwa na cherehani, mkasi ambao hakuna aliyeruhusiwa kukatia karatasi, na kinyongo. Cherehani na mkasi vilipumzika siku za mapumziko. Kinyongo kilifanya kazi wiki nzima.

Kilimhusu mdogo wake wa kiume, mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi, ambaye kila mtu alimwita Ripota. Mvua ikinyesha, Ripota aliitazama kwenye simu huku ikimlowesha. Sahani ikiletwa mezani, ilipigwa picha pande zote mpaka mchuzi ukaganda. Watoto wake walijifunza kutembea mara mbili: mara ya kwanza kwa hiari yao, mara ya pili kwa ombi la baba.

Hayo dada yake aliyasamehe. La mama hakulisamehe.

Mama yao alilala kitandani wiki mbili bila neno. Asubuhi moja alifumbua macho, akamshika Mama Pindo mkono, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Mwanangu, siku ile nilipokutoa shule nikakuweka kwenye cherehani, ukweli wake ni kwamba—"

"Mama, ngoja!" Ripota alikuwa ameingia mbio. "Ngoja, sijawasha. Haya. Anza tena hapo kwenye 'siku ile'."

Mama akaitazama simu. Akakiweka sawa kitambaa chake cha kichwani, maana alikuwa mwanamke wa heshima zake, akasema, "Hamjambo nyote." Akafumba macho. Alhamisi akafa.

Video ipo. Ina sekunde tisa. Ripota aliisambaza kwa ukoo mzima, na wengi wakajibu kwa vijimoyo.

Mama Pindo alitolewa shule akiwa na miaka kumi na mmoja, akiwa wa kwanza darasani. Mdogo wake, wa thelathini na nane kati ya arobaini, aliendelea. Miaka arobaini aliingoja sentensi moja, akapewa nusu. Tangu hapo hakutaka kuombwa radhi. Alitaka mdogo wake naye apate nusu ya kitu.

Subira huvuta heri, walisema wahenga. Hawakusema heri ya nani.

Miaka minne baadaye binti mkubwa wa Ripota akachumbiwa. Binti huyu, aliyekua akiambiwa "geuka huku" kabla ya kuambiwa "njoo ule", alitoa sharti moja: wageni wote waache simu zao kwenye kikapu mlangoni. Baba alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Mwishowe akaruhusiwa simu moja tu, yake. Hivyo kumbukumbu yote ya harusi ikawa mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo akaja kushonewa koti kwa dada yake.

"Dada, hapa ndani, upande wa moyo, niwekee mfuko wa simu," alisema, mikono juu, futi kamba ikimzunguka kifua. "Naingia nimemshika binti, namfikisha, naitoa chap. Ila isije ikadondoka."

"Haitadondoka."

"Una hakika? Ukumbi ule sakafu ni vigae vitupu."

"Mdogo wangu," alisema Mama Pindo, pini mdomoni, "nakuapia kwa cherehani hii."

Koti lilimchukua siku tatu, mfuko siku mbili. Ndani ya mdomo wa mfuko alishona ulimi wa bitana ngumu ulioelekea chini: kitu kikishuka, ulimi unalala, kikitaka kupanda, unasimama na kuziba. Akaukaza kwa uzi wa nailoni wa mafundi viatu, mistari mitatu. Akaujaribu kwa kipande cha mbao chenye ukubwa wa simu. Kiliingia kama mgeni aliyealikwa. Kukitoa ilibidi afumue na kushona upya. Hakuwahi kushona kitu kizuri namna ile, na ilimuuma kidogo kwamba hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Siku ya harusi alikaa safu ya mbele. Ripota alimfikisha binti, akarudi mahali pake, akatia mkono ndani ya koti. Bibi harusi alishika kipaza sauti.

"Baba," alianza.

Mkono ukavuta. Ukavuta tena. Mama Pindo akaegemea mbele. Vidole vilihangaika ndani ya bitana kama panya ndani ya gunia, na mshono haukulegea hata uzi mmoja. Vuta, mdogo wangu, vuta, alisema kimoyomoyo. Alihesabu majaribio saba. Kwenye la nane Ripota aliacha. Mkono ukabaki kifuani, naye akainua uso akamtazama mwanawe. Mdomo ulikuwa wazi. Machozi yakashuka bila kufutwa.

Mama Pindo aliendelea kuukodolea macho mfuko, akingoja jaribio la tisa.

Ghafla ukumbi ukalipuka kwa makofi, na watu wakamgeukia yeye. Mke wa kinyozi, aliyekaa ubavuni pake, alimpiga kikumbo. "We mama una roho ngumu! Mtoto anakusemea maneno yale, na wewe macho makavu?"

"Maneno gani?"

"Eti maneno gani! Mimi nilianza kulia pale mwanzo, ya kati yamenipita. Lakini yalikuwa makubwa!"

Aliuliza wengine watatu. Mmoja alikumbuka "shangazi". Mwingine alikumbuka "shule". Wa tatu alikumbuka kwamba kipaza sauti kilikwaruza. Bibi harusi mwenyewe alimkumbatia na kusema, "Shangazi, yalitoka moyoni tu. Nikiyasema tena yatakuwa hotuba."

Akabaki mtu mmoja. Alimkuta nyuma ya ukumbi na chupa ya soda, simu ikimlilia kifuani.

"Alisema nini?"

"Umefanya kusudi," alisema Ripota. Hakuwa na hasira, na hilo likamkera.

"Ndiyo. Alisema nini?"

"Ni kwa sababu ya ile video ya mama."

"Ndiyo, ni kwa sababu hiyo. Binti yako alisema nini juu yangu?"

Ripota aliweka chupa chini. "Dada, ninayo yote kichwani. Neno kwa neno, mpaka alivyokuwa anavuta pumzi. Sijawahi kuwa na kitu cha namna hii. Nikiyatoa kwa mdomo wangu huu yataharibika. Niache kwanza nikae nayo."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Matamu mno."

Mama Pindo alirudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi. Sasa alikuwa na nusu mbili za sentensi, na hazikuungana.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya binti wa pili. Ripota akaja kupimwa. Alikuwa amenenepa, anacheka ovyo, na watu walimpenda kuliko zamani, jambo ambalo dada yake alilichukulia kama tusi.

"Safari hii usiweke mfuko hata mmoja," alisema. "Simu nitaiacha nyumbani."

"Sawa," alisema Mama Pindo, akaandika vipimo. Sasa alijua ni nini hasa humpa mtu nusu ya kitu.

Akamshonea minne, mipana, yenye midomo laini ambayo kitu hutoka kwa kuguswa tu. Na asubuhi ya harusi, kabla ya kumpelekea koti, akatia katika ule wa moyoni simu mpya aliyoinunua mwenyewe, yenye kamera tatu, akiwa ameichaji mpaka mia.