Kanuni na Vifuniko Vinne

Mume wangu wanamwita Kanuni. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake siku aliyogoma kushuka kwenye ngazi kwa sababu aliyekuwa ameishika chini alikwenda kupokea simu, na karatasi iliyobandikwa kwenye ngazi ilisema pasipo mshikaji mtu asipande wala asishuke. Wenzake wakaenda kunywa chai, wakarudi, wakamkuta bado yuko juu, amekunja mikono, hana kinyongo na mtu. Niliposimuliwa nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kisha nikaona aibu, maana nilikuwa nimeshaolewa naye.

Kazi yake ni kufunga kengele za moto: vihisi, yaani vile vidude vyeupe vya darini vinavyonusa moshi, paneli ya ukutani inayopiga kelele, na pale panapotakiwa, vinyunyizio vya maji. Usifikirie kampuni. Ni yeye, ngazi yake, gari lake dogo la mizigo, na mimi. Mimi ndiye ofisi. Mimi ndiye ninayejaza fomu, ninayepiga simu, ninayepanga foleni idara ya zimamoto na faili kwapani. Nikisema habari za vibali, sisemi ya kusikia.

Na niseme mapema, mtu asije akasoma akidhani kuna nafuu mbele: dada yangu amekufa, ndugu zangu wote wanasema mume wangu ndiye aliyemuua, na mimi ninayejua ilivyokuwa sijafungua mdomo.

Dada alikuwa na karakana ya kutengeneza makochi. Mtu wa kelele, mcheshi, mnene kama mimi, na mdomo hana breki. Alianza na cherehani moja, akafika tano. Mama yetu alikuwa akiishi naye, kwa hiyo karakana ile ndiyo iliyokuwa ikimvisha Mama na kumnunulia dawa. Mwaka ule akaongeza chumba cha nyuma, stoo ya sponji. Sponji zikapangwa kutoka sakafuni mpaka kwenye kenchi. Kanuni alipoingia kuangalia alisimama katikati akizungusha shingo. Tulipotoka akaniambia, "Chumba hiki kinataka vihisi vinne na vinyunyizio viwili. Shemeji nitamfungia mwenyewe."

Vihisi vinne. Kazi ya asubuhi moja, na saa sita mchana umeshanawa mikono.

Sasa sikiliza. Idara ilikuwa na utaratibu mmoja wa kuomba kibali, na ulikuwa huo huo, uwe unajenga hoteli ya ghorofa kumi au unafunga vihisi vinne kwenye stoo ya dada yako. Kurasa kumi na saba. Ramani nakala tatu zenye muhuri wa mhandisi. Hesabu za nguvu ya maji. Barua ya watu wa maji. Idadi ya lifti. Mara ya kwanza faili lilirudishwa kwa sababu ramani haikuwa na mshale wa kuonyesha kaskazini. Nikamuuliza karani wa dirisha la nne, "Moshi nao unauliza kaskazini ni wapi?" Hakucheka. Mara ya pili lilirudishwa kwa sababu kwenye idadi ya lifti nilikuwa nimepiga kistari, na ilitakiwa niandike "hakuna". Kurudishwa maana yake si kusahihisha pale pale dirishani. Maana yake unatoka, unaanza upya mwisho wa foleni, na foleni ni ya majuma.

Nilimpa karani za uso siku ile. Kanuni alinishika mkono akaniambia niache, huyu naye ametumwa. Hata dirishani, wakati damu inanichemka, yeye alikuwa anamtetea karani.

Juma la kumi na moja kibali cha kufunga kikatoka. Kesho yake asubuhi akafunga. Dada alimletea chai, akasimama mlangoni anamtania, "Shemeji, miezi mitatu kwa hivi tu? Si ungeniambia nikuzalie mmoja tukisubiri." Kanuni aliona haya mpaka masikio yakabadilika rangi. Walipendana sana wale wawili, naomba hilo lieleweke.

Lakini kufunga si kuwasha. Kila kihisi kinatoka kiwandani na kifuniko cha plastiki cha kukinga vumbi, na sheria ilisema vifuniko vikae, paneli izimwe na maji yafungwe mpaka mkaguzi aje, apime, atoe kibali cha pili, cha kuwasha. Kihisi chenye kifuniko hakinusi kitu. Kipo darini kama pambo. Wakaguzi wa mji mzima walikuwa wawili na gari moja, na gari lenyewe nusu ya mwezi liko gereji. Dada alikuwa akiinua macho anasema, "Hivi vyangu bado vimevaa kofia?" Namwambia bado. Anasema haya, tuvibembeleze.

Likapita juma la kwanza, la pili, la nne. Ijumaa moja jioni nilikuwa jikoni naosha vyombo. Kanuni akaingia, akakaa kwenye kigoda, akavua viatu, akabaki navyo mkononi.

"Kesho nataka kupita kwa shemeji," akasema. "Nivitoe vifuniko, niwashe paneli, nifungue maji."

Nikageuka. "Kibali kimetoka?"

"Hakijatoka."

Nilidhani ananitania, ingawa hajui kutania. Miaka kumi na minane nimekaa na mtu huyu. Hajawahi kuvuka barabara pasipochorwa mistari. Ananisomea maelezo ya dawa ya kikohozi mpaka mwisho kabla hajanimiminia kijiko. Nimemcheka kwa hayo mbele ya watu, nimemwita mzee wa karatasi, nimemwambia siku moja utaomba ruhusa ya kupiga chafya.

"Zile sponji zimezidi," akasema. "Ameingiza mzigo mwingine. Siku tatu sipati usingizi sawasawa."

Basi mimi, mimi niliyekuwa nikimcheka, ndiye niliyemgeukia mbogo. Tulikuwa na barua ya onyo kabatini. Miaka miwili nyuma, mwenye duka mmoja alijiwashia paneli mwenyewe kabla ya ukaguzi, lawama ikamwangukia Kanuni, na barua ilisema likitokea tena leseni inafutwa. Watoto wawili wako shule. Nikamwambia, "Wewe bwana, usithubutu. Mkaguzi akija akakuta umewasha?"

"Nitamwambia nimewasha."

"Na leseni ikienda utatulisha nini, kanuni?"

Nikaendelea, maana mimi nikianza sikomi. Nikamwambia leo nimeongea na karani, sisi ni wa sita kwenye orodha, ni juma moja tu, stoo imekaa miezi bila kengele na haijaungua, itaungua juma hili? Maneno yangu haya hapa, sijapunguza. Akaniangalia, akaviweka viatu chini, akasema, "Sawa, mama watoto." Hakurudia tena.

Jumanne iliyofuata, saa nane mchana, stoo ikashika moto.

Dada alikuwa na kawaida yake. Akishakula, anameza vidonge vya presha, anaingia stoo, anafunga mlango kuzuia kelele za cherehani, anajilaza juu ya sponji nusu saa. Kila mtu alijua. Mafundi wake walikuwa wamekaa barazani wanakula. Waya wa kurefushia umeme uliokuwa umebanwa nyuma ya mzigo ukapata moto, sponji ikaanza kufuka. Wazimamoto walisema baadaye moto wenyewe haukuwa na lolote, ndoo mbili zingeuzima. Uliommaliza ni moshi. Moshi wa sponji haukupi nafasi ya kuamka. Mafundi walipouona unatoka chini ya mlango, walivunja, wakamvuta nje. Hakuwa na alama mwilini, hata nywele hazikuungua. Barazani palikuwa hatua kumi na mbili kutoka stoo. Kengele ingelia wangeisikia na matonge mdomoni.

Nilifika nikamkuta Kanuni keshafika. Amesimama ndani ya stoo, maji ya wazimamoto mpaka kwenye vifundo vya miguu, anaangalia juu. Vile vifuniko vilikuwa vyeusi kwa moshi, bado vimekaa kwenye vihisi. Nikamwita, hakugeuka. Nilimshika bega, nikaanza kulia kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Baada ya miezi miwili kukafanyika uchunguzi. Meza moja ndefu, watu watatu, mmoja wao mwenyekiti. Sisi tulikaa kwenye viti vya plastiki: Mama, kaka yangu mkubwa, mimi. Kanuni aliitwa mbele. Walimwuliza vifuniko ni nini, akaeleza. Walimwuliza vilikaa majuma mangapi, akataja mpaka tarehe. Kisha mwenyekiti akauliza, "Nani aliamua vibaki?"

"Mimi."

"Uliona sponji zilivyojaa. Hukufikiria kuvitoa?"

Nilijua atasema ya jikoni. Nilijua kwa sababu hajawahi kudanganya mtu, hata mtoto aliyemwuliza kama sindano inauma. Nikawa nimeshaandaa uso wangu kwa macho ya watu.

"Hapana," akasema Kanuni. "Sikufikiria. Sheria ilisema vikae."

Kaka yangu aliguna. Mama alitoa sauti ndogo, akajifunika mtandio. Kanuni akarudi kukaa, si karibu nasi bali safu ya nyuma, na hakuniangalia. Ningeweza kusimama. Miguu ilikuwa mizima. Mwenyekiti aliuliza kabisa kama kuna mwanafamilia mwenye la kuongeza, akatazama upande wetu, akasubiri. Nilitazama mkoba wangu.

Uchunguzi haukumkuta na kosa. Ulikuta alifuata taratibu zote. Kaka akasema afadhali angekutwa na kosa, angalau ingejulikana ni binadamu.

Mwezi wa saba tangu msiba, idara ikatangaza utaratibu mpya. Waliweka mahema, viti vilivyovishwa vitambaa, na juisi ya pakiti. Mkuu wa idara akasema kwamba kazi ndogo, zisizozidi vihisi kumi na vinyunyizio ishirini, hazihitaji tena ramani, wala mhandisi, wala kupanga foleni na hoteli. Fomu ni ukurasa mmoja. Fundi mwenye leseni anafunga, anapima, anapiga picha, anawasha siku hiyo hiyo, mkaguzi atakuja baadaye kwa muda wake. Watu wakapiga makofi. Mkuu akasema wamejifunza kutokana na tukio la kusikitisha. Dada yangu akawa tukio. Nilikunywa juisi ile nikahisi nakunywa dawa ya panya, nikaimaliza.

Kazi yetu ya kwanza kwa fomu mpya ilikuwa saluni, vihisi vitatu. Nilijaza ukurasa ule kwa muda wa kuchemsha chai. Karani wa dirisha la nne, yule yule, akagonga muhuri nikiwa nimesimama, akaniambia siku hizi mambo mepesi, dada. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za idara, nikashindwa kuinuka mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Kumbe ilikuwa inawezekana. Miaka yote ile ilikuwa inawezekana, ilikosa tu mtu wa kufa.

Kazi sasa zipo nyingi, naona haya kusema. Kanuni anafunga, anawasha, anatoa vifuniko kimoja kimoja na kuvitia mfukoni. Nyumbani anakula, anauliza watoto masomo yao, anakaa. Mara moja tu nilijaribu. Nikamwambia, "Ile siku jikoni." Akasema, "Acha, mama watoto. Mama yako amebakiwa na binti mmoja." Nikaacha. Nililia, lakini naomba mtu asinisifie machozi yangu, kwa sababu nilifarijika.

Mama alihamia kwa kaka. Kwangu alikataa kukanyaga, alisema hawezi kula meza moja na mtu yule. Kila Jumamosi naenda kumwona. Kanuni ananipeleka, anasimamisha gari kwenye kona, nyumba ya tatu kabla, anasubiri humo humo, hata liwe jua la kupasua mawe.

Jumamosi iliyopita nilimkuta Mama ameketi kitandani. Nikamkata kucha, nikampaka mafuta miguuni. Akanishika kidevu, akaniambia, "Mwanangu, una moyo wewe. Mimi ningeshamwacha. Unakaaje na mtu aliyemtazama ndugu yako anakufa kwa sababu ya karatasi?"

Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili tu chumbani, na kaka hakuwepo.

"Nimezoea, Mama," nikasema.

Akaniombea dua ndefu, ya subira, na mimi nikaitikia kila mahali panapoitikiwa. Nikatoka. Kanuni alikuwa amelala na kichwa juu ya usukani, aliposikia mlango wa gari akainuka upesi, akanifungulia dirisha nipate hewa.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

Akawasha gari, lakini hakuliondoa. "Ameniulizia?"

"Amekusalimia," nikamwambia.

Akashukuru, akafunga mkanda wake, akangoja na mimi nifunge wangu.