Majuni Yaliyonuka Dawa ya Nyanya

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami niko kidato cha pili, msichana wa mtaa wa Kiponda mwenye haya za kupindukia. Nikitumwa dukani nikakuta wanaume barazani, nazunguka uchochoro mwengine hata kama chumvi inasubiriwa jikoni. Yaliyomo moyoni nilikuwa nayaandika kila jioni, kwa mwandiko mdogo kama miguu ya sisimizi. Kuyasema, hata kwa mama yangu, siwezi. Nakusimulia haya kwa sababu nakuona na wewe umeurithi ukimya ule. Ukimya ni mzuri, ila una mahali pake.

Kaka yangu Nassor alikuwa na rafiki anayeoa, na vijana wa harusi walikuwa wamenunua majuni. Pengine wewe huyajui. Ni kitamu cha kizamani: sukari, samli, iliki, kungumanga, na ndani yake hupikwa bangi. Ukiyaona utadhani halua iliyokauka. Vijana wakiyala kwa mbwembwe, wazee wengine wakiyala kwa siri, na kila mtu akijifanya hajui yanapikwa wapi, wakati mji mzima ulijua yanapikwa na Bwana Makame wa Jang'ombe, ng'ambo ya mji.

Mimi niliyaona asubuhi ile, natandika kitanda cha Nassor. Yalikuwa ndani ya karatasi ya khaki chini ya mto. Nikanusa. Iliki ilinukia vizuri, lakini chini yake kulikuwa na harufu nyengine, kali, ya kukwaruza pua, ile ile ya dawa anayopulizia mjomba nyanya zake shamba. Nikajisemea, kumbe bangi ndivyo inavyonuka. Nikarudisha mto.

Nassor alirudi msikitini, akala wali kwa pweza, akapanda juu. Haukupita muda tukasikia kishindo. Tulimkuta sakafuni, jasho linamtoka kama aliyemwagiwa ndoo ya maji, mate yanachirizika, machozi yanashuka naye halii. Karatasi ilikuwa kando yake, nusu tupu. Niliiokota nikaitia kifuani mwa gauni langu kabla mama hajaiona.

"Pweza!" mama akalia. "Nilisema mie, yule pweza kalala, si mbichi!"

Akamnywesha maziwa, maana kwetu maziwa ndiyo dawa ya kila sumu. Nassor akatapika, akazidi. Majirani wakamteremsha ngazi, tukampeleka spitali.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani. Akamfunua Nassor jicho, akageuka. "Kala nini huyu?"

"Pweza," akasema mama.

"Pweza hafanyi mboni ikawa kama ncha ya sindano. Nyumbani kuna dawa ya wadudu? Ya shamba?"

"Sisi watu wa mjini, baba. Shamba tunalisikia tu."

Usimlaumu bibi yako, mwanangu. Mama hakuwa mwongo. Nyumba yetu ilikuwa na jina, na jina ndicho kitu pekee tulichobaki nacho tangu zama za babu. Alishuku kitu, lakini alikuwa anamsitiri mwanawe kama alivyofunzwa kusitiri. Baba naye alitazama ukuta. Na mimi nimesimama pale, nimeikumbatia chupa ya chai, karatasi inanichoma kifuani.

Ndipo akaja bibi yangu, mama yake baba, Bi Zuwena. Alikuwa mfupi, na hajui kuogopa. Pale sokoni Darajani, ukimuuzia samaki aliyelala anakurudishia mbele za watu: "Nimenunua samaki, sikununua maradhi. Nipe haki yangu." Mimi nikifuatana naye natamani ardhi inimeze. Basi aliniangalia kidogo tu, akanivuta ukumbini.

"Weye. Mbona umeikumbatia chupa kama mtoto mchanga? Una nini?"

"Sina kitu, bibi."

"Mwenye kitu mimi namjua kwa shingo. Sema."

Nikamnong'oneza yote. Nilidhani atanizaba kofi. Akasema tu, "Haya, kamwambie daktari."

"Siwezi, bibi. Niandike kwenye karatasi?"

"Uandike! Kaka yako roho iko kooni, weye unataka kalamu? Umpelekee daktari barua, akujibu wiki ijayo?" Kisha akanishika kidevu, sauti ikalainika. "Mjukuu wangu, haya ni nguo nzuri, lakini nguo haivaliwi ikaziba pua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nenda. Nipo nyuma yako."

Nilikwenda. Nilizungumza na viatu vya yule daktari, maana usoni sikuweza kumtazama. "Si pweza. Ni majuni, yana bangi. Yananuka dawa ya nyanya. Karatasi yake hii hapa."

Mama akasema "Yarabi!" akakaa chini. Daktari akainusa karatasi, akapaza sauti kumwita muuguzi alete sindano, na kazi ikaanza. Alipopata nafasi alimwendea mama, akamwambia kwa upole, "Mama, sikukuulizeni ili nimkamatishe mtu. Polisi wana kazi yao, mimi nina yangu. Nauliza nijue ninapigana na nini."

Ilipoadhiniwa magharibi mate yalikuwa yamekatika, na Nassor anapumua kama watu.

Kesho yake asubuhi, Bwana Makame akaja nyumbani na sahani ya halua, kofia mkononi. Habari hutembea. Akatwambia ukweli wake: yale majani yaliletwa ndani ya gunia lililowahi kuwekwa dawa ya shamba. Harufu aliisikia.

"Ukafanya nini?" akauliza bibi.

"Nikaongeza iliki, Bi Zuwena."

"Cha kuvunda hakina ubani, Makame."

"Nimekosa. Tusitiriane. Watoto wetu wote."

Baba alikuwa tayari kuyamaliza. "Mama, tumfanye nini? Tutamshitaki vipi na sisi ndio tuliokwenda kununua haramu?"

Bibi akaisukuma ile sahani pembeni. "Kosa la Nassor lina mlango wake, na kosa la Makame lina mlango wake. Kuufunga huu hakuufungi ule. Nassor kanunua kilichokatazwa, atalijibu hilo. Lakini hakununua sumu. Hakuna anayenunua sumu akala." Akamgeukia Bwana Makame. "Nani mwengine anayo?"

Bwana Makame akaanza kuhesabu kwa vidole, vidole vikamwishia.

"Vaa kofia yako," akasema bibi. "Tunakwenda."

Ikawa hivyo. Bwana Makame mbele, bibi nyuma yake, na mimi nyuma ya bibi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeijua ile harufu. Tulianza Jang'ombe, nyumba hata nyumba. Pengine tulicheka, pengine tulitukanwa. Kijana mmoja alisema, "Bi Zuwena, tangu lini ukawa wakala wa Makame?" Bibi akamjibu, "Tangu alipotaka kukuzika. Lete!" Kijana akaleta. Kila kipande kikaingia kwenye kikapu cha bibi, tukipeleke kwa daktari.

Nyumba ya mwisho ilikuwa mjini, mtaa wa pili kutoka kwetu. Bwana Makame akasimama penye kona. "Hapa siwezi. Ni kwa Bi Rukia."

Mwanangu, Bi Rukia ndiye aliyenifundisha alifu chuoni kwa kijiti chake. Mwanamke ambaye akipita, watu barazani walikuwa wanakunja miguu kwa heshima. Nikamtazama bibi, na kwa mara ya kwanza nikaona bibi naye anasita. "Nikenda mimi," akasema taratibu, "hatanitazama tena maisha. Wewe mwanafunzi wake. Nenda."

Nikapiga hodi. Akafungua mwenyewe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo sauti umeipata wapi?"

"Mwalimu, kuna majuni yanauzwa mjini, yana sumu. Nassor kalazwa. Nimekuja kusema ukimjua mtu anayo, asiyale."

Akachungulia uchochoroni nyuma yangu. "Nani kakutuma kwangu?"

"Napita kila nyumba, mwalimu."

Akaingia ndani. Nikasikia droo ya cherehani inafunguliwa. Akarudi na kikaratasi cha khaki, akanitia kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake yote miwili.

"Kwa ajili ya mgongo, mwanangu," akasema. "Mgongo tu."

"Najua, mwalimu."

"Nlikuwa niyale leo baada ya chakula."

Sikumwambia mtu. Bwana Makame alijua, bibi alijua, na sisi watatu hatukulitaja tena jambo lile. Mpaka leo, Bi Rukia keshatangulia mbele ya haki, ndipo wewe unalisikia, na jina lake nimelibadilisha. Hapo ndipo nilipoijua sitara ya kweli. Unamfunika mtu aibu yake baada ya kumtoa penye hatari. Ukimfunika naye angali ndani, unamzika.

Sasa sikiliza nasaha yangu. Bangi serikali imeikataza na dini imeikataza, nami sikushauri uionje. Kwanza, ukinunua kitu gizani hujui kimepita gunia gani: dawa ya shamba, ukungu, unga wa kulevya wa mtu mwengine. Pua haitoshi kukulinda. Lakini binadamu huteleza, na akiteleza rafiki yako, usimwache afe kwa kulinda heshima. Ukimwona anatoka mate na jasho, mboni zimesinyaa, pumzi nzito, usimpe maziwa wala usimlazimishe kutapika. Mkimbize spitali, chukua na karatasi au kibaki chochote, useme kweli yote. Kutibiwa ni haki yake, awe amekula nini.

Na haki nyengine zipo. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza shoga yangu aliyesomea sheria juu ya yale maneno ya bibi ya milango miwili. Akasema bibi hakukosea, ila tuongeze kitu: bei ya kitu haramu hakuna hakimu atakayekurudishia, na huko ndiko kupoteza kwa kwanza. Lakini aliyekulisha sumu ana la kujibu, na kosa lako halimsafishi. Kabla hujaandikisha maelezo popote, tafuta mwanasheria, hata wa msaada wa bure, akuongoze. Na kwa vitu vya halali, chakula, dawa, mafuta ya nywele, usione haya kabisa: uliza kina nini, weka risiti, rudisha kibovu, lalamika kwa wahusika. Kuuliza si ujinga, na kudai haki si utovu wa adabu. Bibi yangu alijua hayo kwa samaki tu.

Andika, mwanangu, andika sana, nami naandika mpaka leo. Ila siku mtu anapokata pumzi mbele yako, weka kalamu chini useme. Mungu akujaalie ulimi mwepesi penye kuokoa na mzito penye kufedhehesha, akuepushe na kila kitamu kilichofichwa ubaya wake, na akiwa karibu yako mtu wa kukuambia "Nipo nyuma yako," amzidishie umri. Amin.