Nilimpamba Bibi siku ya kupimwa, makao ya wazee wakamwandika Daraja A

Wakuu, poleni na mihangaiko. Kinamama wenzangu humu, hamjambo?

Naandika nina hasira, lugha mtanivumilia. Ila hili limenikuta mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Nina mtoto mmoja, mwaka na nusu. Nauza nguo za watoto Kariakoo, nimepanga chumba Gerezani.

Nimelelewa na bibi mzaa mama, mtu wa Lindi. Mama alifariki nikiwa darasa la pili. Bibi akakaanga mihogo pale kwa mafundi gereji mpaka nikamaliza form four.

Mwaka jana akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa kabisa.

Sasa nieleweni hapa. Bibi hali kwa mkono wa kushoto mbele ya watu. Hata umpe kijiko. Bora ashinde njaa. Nyumbani nilikuwa nafunga pazia, namlisha, huku tunapiga stori. Chooni pia nampeleka mimi.

Siku moja nimetoka kununua maziwa, narudi nakuta gesi imefunguliwa, haijawashwa, mtoto kalala kitandani. Bibi alitaka kunipikia chai.

Hapo ndipo nikaanza kutafuta makao ya wazee. Anayetaka kunihukumu ahukumu.

Wale kabla ya kumpokea mzee wanatuma mtu kuja kumpima. Daraja A anajiweza, B anasaidiwa kidogo, C ni wa kulishwa na kuogeshwa.

Mimi nikafanya nini? Mgeni anakuja, si ndiyo? Nikamwogesha Bibi, nikamsuka, nikamvalisha dera jipya, nikafukiza udi. Nikamkalisha kwenye kiti, mkono nikaufunika kwa mtandio.

Dada wa fomu akaja, akaamkia vizuri tu, akaanza kuuliza. Anakula mwenyewe? Chooni je?

"Vyote mwenyewe, mwanangu. Huyu mjukuu wangu ana wasiwasi tu."

Dada akanigeukia. Nikachekacheka tu. Utamkanusha vipi bibi yako mbele ya mgeni?

Akaandika A. Nikasaini.

Baada ya wiki mbili nikaenda kumwona, muda wa chakula cha mchana. Sahani ya wali imejaa mbele yake, imepoa. Dera lile lile linamporomoka mabegani. Mhudumu anapita kukusanya vyombo, nikamuuliza mbona huyu hajalishwa.

"Dada, huyu ni A. A wanakula wenyewe."

Aisee. Niliyoyasema pale siyarudii, mods watanifungia. Mtu anakonda mbele ya macho yenu, nyie mnaangalia herufi ya fomu? Hilo sijawasamehe mpaka leo.

Nesi mkuu akaniacha nimalize. Kisha akafungua faili, akanionyesha chini ya fomu. Sahihi ya ndugu. Yangu.

Wakampima upya palepale. Safari hii ikabidi niseme mimi, na yeye yupo. Nikasema mkono wa kulia umekufa, kula kwa wa kushoto anaona aibu, namlisha. Nikasema chooni nampeleka, na siku nyingine tunachelewa.

Bibi alikuwa ameinama, anauangalia ule mkono. Akaniuliza taratibu:

"Kwa hiyo naenda kwa wale wanaolia?"

Maana jengo la C ndiko wanakolia, mpaka A wanawasikia.

"Ndiyo, Bibi. Ila watakulisha. Nimewaambia wafunge pazia."

Akaufunika ule mkono kwa dera.

"Haya. Siku za samaki uje wewe. Hawa hawatoi miiba."

Siku za samaki ni Jumatano. Nafunga meza mapema, namwachia jirani mtoto, naenda. Namtolea mwiba mmoja mmoja kama alivyokuwa akinitolea mimi. Mwili umeanza kurudi.

Zile siku nyingine sita ndizo zinanimaliza. Mtoto analivuta lile pazia, anachungulia, anageuka kuniangalia. Jana nimejikuta nimeponda viazi vya mtu mzima, hakuna wa kumlisha. Nimefunga pazia nikavila mimi.

Nilichojifunza: siku ya kupimwa mwache mzee kama alivyoamka. Usimpambe. Anachokificha kwa aibu kiseme wewe, hata kama anasikia. Inauma, lakini sahani iliyopoa inauma zaidi.

Wenye wazee huko, nyie mlisemaje mbele yao? Na mwenye kujua anijibu: mzee wa C huwa wanamruhusu kuja nyumbani, hata Idi tu?

Pazia sijalitoa.