Kibakuli cha Mume wa Bi Kurimoto

Siku Fusae Kurimoto alipohamia makao ya wazee pale mjini Himi, Japani, alipewa fomu ajaze. Penye dini aliandika "sina", bila hata kufikiri. Na ungemuuliza yeyote mjini pale angekujibu hivyohivyo, kisha kesho yake ungemkuta hekaluni anapiga makofi mawili mbele ya miungu. Ndivyo walivyo watu wetu.

Kumbe fomu ile ilikuwa na kazi yake. Waliotaja dini walipewa vyumba vyenye rafu ya madhabahu, ya kuwekea vibao vya marehemu wao. Fusae akapewa kitanda, kabati na dirisha. Kibao chenye jina la marehemu mumewe, Tadahiko, akakificha kabatini katikati ya masweta.

Kilichomuumiza hasa ni wali. Miaka kumi na tisa tangu afiwe, wali wa kwanza kutoka sufuriani ulikuwa wa Tadahiko, akiuweka mbele ya kibao chake kabla mtu hajatia kitu mdomoni. Hapa wali ulikuja kwenye sinia, umeshapakuliwa. Kila asubuhi alimmegea kidogo kwenye kisosi na kumwomba radhi, kwa uchungu wa kumlisha mumewe makombo.

Wiki ya pili mhudumu wake, Nishiwaki, akafungua kabati aweke nguo zilizofuliwa. Akakuta kibao na kisosi cha wali.

"Bi Kurimoto! Si uliandika huna dini?"

"Sina, mwanangu. Huyo si dini, huyo ni mume wangu."

Fusae akainama mpaka paji likakaribia magoti. Alijua kanuni ni kanuni: aliyeandika hana dini haweki madhabahu chumbani. Tadahiko atapelekwa kwa mpwa wake Osaka, na huko nani atamkumbuka?

"Inuka bibi yangu, utaumia mgongo bure," Nishiwaki akasema, kicheko kikimponyoka. "Haya, niambie. Huwa anakula saa ngapi?"

"Kabla ya watu wote."

Kesho yake alfajiri, sinia hata moja haijatoka jikoni, Nishiwaki akaingia na kibakuli kinachofuka mvuke.

"Wa kwanza huu. Nimemsimamia mpishi mpaka akafunua sufuria. Kanuna, lakini kapakua."

Fusae akakipokea kwa mikono miwili. Akataka kusema asante, akaishia kuinama tena. Akafungua kabati, akaweka kibakuli mbele ya kibao, machozi yakimchuruzika.

"Tadahiko," akasema hatimaye, "mshukuru wewe huyu binti. Mimi nimeshindwa."