Simu Kumi na Mbili za Ilagala

Sheria ya Ikram kazini ilikuwa moja, na aliiandika kwa mkono kwenye ukurasa wa kwanza wa kila daftari: kitufe kisitoke ofisini kabla hujakaa kando ya mtu atakayekibonyeza, mahali pale pale atakapokibonyezea, ukiwa umefunga mdomo. Aliishika kwa miaka sita. Aliivunja mara moja.

Sheria hiyo hakuipata chuoni. Aliipata Kalinzi, kwa wakulima wa kahawa, alikopeleka programu yake ya kwanza ya simu akiwa na stashahada mpya na kiburi kipya. Aliwakuta wanabonyeza kwa kifundo cha kidole, maana ncha za vidole zilikuwa na utelezi wa kahawa iliyotoka kumenywa, na vitufe vyake vilikuwa vidogo kama punje za mchele. Mama mmoja alijaribu mara tisa, akaiweka simu chini, kisha akamwomba radhi. Hilo la kuombwa radhi ndilo lililomkera Ikram. Mkosaji ni yeye, lakini aliyeona haya ni mwenye simu. Tangu hapo kila kazi aliifuata kwa miguu. Alikaa kliniki za Ujiji, ambako kina mama hufifisha kioo ili chaji ifike jioni, na maandishi ya kijivu hayaonekani kabisa. Alikaa sokoni, ambako nusu ya vioo vina ufa, na kitufe kikiangukia kwenye ufa hakiitiki. Wenzake walimtania kwamba analipwa kuchungulia watu. Hakubishana nao.

Kisha ikaja kazi ya upepo.

Kampuni ndogo aliyoifanyia kazi, pale Mwanga mjini Kigoma, ilipata zabuni ya kutengeneza programu ya kuwatahadharisha wavuvi wa dagaa wa Ilagala upepo mkali unapokaribia. Mitumbwi ilikuwa kumi na miwili, na kila mmoja ulibeba watu wanne au watano. Kosa la Kalinzi lilimpotezea mtu muda tu. Huku kosa lingewakuta watu hamsini wakiwa juu ya maji, na Ikram alilijua hilo tangu siku ya kwanza.

Aliisanifu kwa uangalifu. Tahadhari ikitumwa, simu ya kiongozi wa kila mtumbwi ingelia kama king'ora na isingenyamaza mpaka abonyeze kitufe kikubwa cha "Sawa". Akibonyeza, jina la mtumbwi wake lingegeuka kijani kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye simu ya Martini, mwendesha boti ya uokozi ya kijiji. Mtumbwi usiojibu ndani ya dakika kumi ungebaki mwekundu, na Martini angewasha injini kuufuata.

Ilibaki safari ya Ilagala. Wilfred, mkuu wa kampuni, alisema hakuna nafasi. Uzinduzi umeshapangiwa tarehe, wafadhili wa mradi wamekata tiketi za ndege, na mvua imeharibu barabara. Ikram alibisha siku mbili. Siku ya tatu alichoka kubisha. Asitafutiwe udhuru: boti ya abiria iliondoka Ujiji kila asubuhi, na nyumbani kwao ni Ujiji. Badala ya kuipanda, alimpa simu Luqman, dereva wa ofisi, na Agnesi, mhasibu. Wote wawili walibonyeza ndani ya sekunde tatu, wameketi kwenye viti, feni inawapuliza. Fomu ya kukabidhi kazi ilikuwa na mstari uliosema "Imejaribiwa na wavuvi". Luqman aliwahi kuvua ujanani. Ikram alishika kalamu.

"Unajua kwamba huu ni uongo," alimwambia Wilfred.

"Ni fomu tu, Ikram. Nani anazisoma?"

Akatia sahihi.

Wiki ya tatu baada ya uzinduzi, upepo ulikuja. Tahadhari ilitumwa saa moja jioni, mitumbwi ikiwa imeshaingia ziwani. Ofisini walisimama wote mbele ya kompyuta. Dakika nne hazijaisha, majina kumi na mawili yakawa ya kijani. Wilfred alipiga picha ya kioo akawatumia wafadhili. Kule Ilagala, Martini alitazama simu yake, akaona kijani, akaacha injini ilivyo, akingoja kuwaona wakirudi. Ikram alikwenda nyumbani, akala, akalala bila wasiwasi.

Alfajiri alipigiwa simu. Mtumbwi mmoja ulikuwa umepinduka na mingine ilikuwa imetawanyika hadi karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Watu wote walikuwa hai. Lakini Elia, kijana wa miaka ishirini na sita aliyeshika taa ya kuvutia dagaa, mkono wake wa kulia ulibanwa kati ya mitumbwi miwili iliyogongana, na walikuwa wakimkimbiza hospitali. Hakuna mtumbwi hata mmoja uliokuwa umegeuza kurudi kabla upepo haujawapiga.

Siku hiyo Ikram alipanda boti ya Ujiji. Mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, alipokewa na Mzee Dadi, msimamizi wa mwalo, mtu wa Ujiji mwenyewe, anayewajua wazazi wake. Alimwamkia shikamoo. Mzee aliitikia marahaba, kisha akaitazama boti iliyomleta.

"Kumbe boti unaijua," alisema. "Huja kila siku hii. Ingekuleta hata mwezi uliopita."

Ikram aliuliza kilichomsumbua njia nzima: viongozi wa mitumbwi walibonyeza "Sawa", mbona hawakurudi? Mzee Dadi alimtazama kama mtu aliyeuliza jua linachomoza upande gani. Akampeleka kwenye kibanda cha chai cha Skolastika.

Chini ya meza ya chapati palikuwa na ndoo nyeupe yenye mfuniko. Ndani yake mlikuwa na simu kumi na mbili, kila moja imefungwa kitambaa cha rangi yake. Miaka mingi Ilagala hakuna anayeingia ziwani na simu. Maji huziua, na majambazi wa ziwani wakiiona simu humpiga mwenyewe kwanza. Jioni kila kiongozi wa mtumbwi humwachia Skolastika yake, asubuhi huichukua akinywa chai. Mke akipiga, Skolastika ndiye anayepokea. Mtoto akiugua, Skolastika ndiye anayeambiwa. Kijiji kizima kinajua; hata Martini anajua, ila alipoona kijani alidhani usiku ule wamezibeba. Angekaa pale jioni moja tu, Ikram naye angejua.

Skolastika alikuwa na macho mekundu ya kutolala. Alimsalimia kwa Kiha, kisha akaendelea kwa Kiswahili.

"Zilianza kulia zote kwa pamoja, mwanangu. Kumi na mbili. Kila niliyoigusa inaniambia sawa, nikabonyeza ikanyamaza. Nikashika nyingine."

"Hukusoma kilichoandikwa, mama?"

"Nilisoma ya kwanza. Upepo unakuja. Nikajua ninyi mliotuma mnajua watu wako wapi." Akaifuta meza iliyokuwa safi tayari. "Nilikosea?"

"Hapana, mama. Si wewe."

"Basi mbona wote wananitazama mimi?"

Ikram alirudi mjini amejaa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu ya sahihi yake mwenyewe. Alikuta Wilfred ameshaandika ripoti: watumiaji hawakufuata maelekezo. Alipendekeza mabango ya kuwahimiza wavuvi wabebe simu zao. Ikram alimwambia mabango hayo ayabandike ukutani kwake. Alitaka programu ivunjwe na kujengwa upya: simu moja kubwa kwa Skolastika, rangi za vitambaa badala ya majina, na kitufe kimoja tu cha kumwita Martini. Wilfred alijibu kwamba mkataba unahesabu watumiaji kumi na wawili, siyo mmoja, na muuza chai hayumo. Wakabishana hadi sauti zikasikika barabarani. Ikram aliwaandikia wafadhili barua akieleza kwamba fomu ilikuwa ya uongo na kwamba aliyeisaini ni yeye. Mwezi huo huo aliachishwa kazi.

Aliijenga programu hiyo mpya nyumbani, bila malipo, na safari hii alikaa Ilagala siku tisa akitazama. Ilikuwa nzuri. Skolastika aliikataa. Alisema hashiki tena simu inayoamua watu wafe au wapone, na Ikram hakuthubutu kumshawishi. Mzee Dadi naye alimwambia kwa upole kwamba wavuvi hawataki tena kusikia neno programu.

Elia alikatwa mkono wake wa kulia chini ya kiwiko, na hawezi tena kuvua. Ikram alipoteza kazi aliyoipenda. Ilagala haina tahadhari yoyote ya upepo, na Skolastika sasa huzima simu zote kumi na mbili kabla ya kufunga mfuniko.