Kibao cha Shingoni

Nimerudi darasani ukubwani, mwenzangu, na mvi zangu. Juzi, katika chuo kimoja hapa Dodoma, mhadhiri wetu wa sheria za elimu alitupeleka mbali, Ayalandi. Zamani, alisema, sheria iliwakataza Wakatoliki wa huko kufundisha, watoto wakasomea mafichoni nyuma ya vichaka. Baadaye serikali ikajenga shule za wote, masomo kwa Kiingereza, na hatimaye ikamlazimisha kila mtoto kuhudhuria. Aliyetamka Kiayalandi alivishwa kijiti shingoni, kikachongwa alama kwa kila kosa. Wenzangu walicheka, mimi nikajikuta nashika shingo yangu.

Kwetu Hombolo kilikuwa kibao. Mwalimu wa darasa la pili alikitoboa, akakitia kamba, akaandika kwa wino mwekundu: Nimesema Kigogo. Shuleni ilikuwa Kiswahili tu; ukinaswa unakivaa mpaka umnase mwenzio, na wa mwisho jioni alikwenda nacho nyumbani, kesho yake fimbo. Baba alikuwa Mgogo, mama mtu wa Kondoa mwenye lugha yake, kwa hiyo wao walielewana kwa Kiswahili. Kigogo changu chote kilitoka kwa bibi mzaa baba, niliyeshinda naye jikoni wazazi wakiwa kwenye mizabibu. Alisaga uwele kwenye jiwe huku akinisimulia visa vya fisi, akikatiza tu kuonja mlenda. Aliniita mume wangu, akilalamika kwamba ameolewa na mwanamume asiyeleta hata kuni.

Siku niliyorudi na kibao aliuliza ni kitu gani, nikamweleza. Bibi aliiogopa serikali kuliko simba, maana jirani yetu aliwahi kuwekwa ndani kwa kumwachisha mwanawe shule akachunge ng'ombe. Akaamini katazo linafika mpaka jikoni kwake.

"Mume wangu, watakupiga kwa ajili yangu," alisema kwa Kigogo. "Basi sitasema."

Na hakusema. Baba alimweleza kuwa nyumbani hakuna wa kumnasa mtu, hakusadiki. Tukabaki na ishara za mikono na Kiswahili chake cha njoo, kula, lala. Jiwe liliendelea kusaga, visa vya fisi vikakoma. Kusema kweli, mwanzoni niliona raha kuepuka kibao, na Kigogo kikanitoka taratibu.

Mhadhiri alimalizia kwamba leo sheria za Ayalandi zinailinda lugha ile na inafundishwa shuleni. Nikauliza ni sheria ipi iliyoagiza kile kijiti. Akajibu hakuna, walimu na wazazi walikubaliana tu. Jibu hilo liliniuma. Hata sheria ya kibao chetu nimeitafuta maktaba, sijaiona.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Jioni yake ya mwisho alinishika mkono akazungumza nami kwa Kigogo, muda mrefu, bila woga wowote. Kila aliponyamaza nilitikisa kichwa kuitikia. Sikuwa nimeelewa kitu.